Nunua diski, kisha uitafutie kasha

Ukiingia duka la kompyuta pale Samora, au ukazunguka maduka ya Kariakoo ukasema unataka eksteno, yaani diski ya nje, muuzaji anakuwekea mezani kiboksi ambacho kimeshafungwa: diski iko ndani, waya mfupi pembeni, karatasi ya dhamana chini yake. Swali unaloulizwa ni moja tu, "Terabaiti moja au mbili?" Mimi nahariri video za sherehe, sendofu, kicheni pati na harusi zenyewe, na wenzangu wa kazi hii nawaambia kila mara kwamba swali la terabaiti lije mwishoni. La kwanza liwe hili: siku kasha likifa, diski nitaweza kuitoa?

Diski ya nje ni vitu viwili vinavyokaa pamoja. Kuna diski yenyewe, ambamo data inalala. Kisha kuna kasha, lenye bodi ndogo inayopokea mawasiliano ya SATA (lugha ya diski za ndani ya kompyuta) kutoka kwenye diski na kuyageuza kuwa USB ambayo laptopu inaielewa. Ile bodi na tundu lake ndivyo vinavyochomekwa na kuchomolewa kila siku, vinavyogandamizwa ndani ya begi kwenye mwendokasi la jioni, na vinavyopokea kishindo umeme ukirudi. Watu wengi wanaoniletea diski wakisema imekufa, diski haijafa. Kimekufa kile kilichoizunguka.

Mwalimu mmoja wa kwaya alinijia na diski ya inchi 2.5 yenye rekodi zote za kwaya yao. Taa inawaka, kompyuta haioni kitu. Ukiusukuma waya kidogo kushoto inajitokeza kwa sekunde mbili, halafu inapotea. Nilifungua kasha mbele yake kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, nikaipitisha ukingoni polepole, vibanio vya plastiki vikaachia kimoja baada ya kingine. Nilitarajia kukuta bodi ya pembeni ambayo naichomoa, naiweka diski kwenye kasha jingine, tunamaliza. Haikuwepo. Tundu la USB, lile pana lenye sehemu mbili, lilikuwa limelehemiwa juu ya bodi ya diski yenyewe, na mguu wake mmoja ulikuwa umenyanyuka.

"Kwa hiyo dada, ndiyo zimekwenda?" akaniuliza.

"Hazijakwenda, Mwalimu. Ila hapa mimi siongezi mkono wangu. Twende kwa fundi mwenye hadubini."

Fundi wa simu Kariakoo alililehemu tundu upya chini ya hadubini, na usiku uleule tukanakili kila kitu kabla waya haujachomolewa tena. Ilifaulu kwa sababu njia za shaba kwenye bodi zilikuwa nzima. Zingekuwa zimeng'oka, kazi ingehamia kwa wataalamu wa kuokoa data, na gharama za huko hazifanani hata kidogo na za fundi simu.

Mtindo huo wa kulehemu USB kwenye bodi ya diski umeenea sana katika diski ndogo zinazofungwa kiwandani, kwa sababu unapunguza gharama na ukubwa. Kuna jambo jingine la kiwandani ambalo wanunuzi hawaambiwi. Katika matoleo kadhaa ya My Passport na My Book, diski za nje za Western Digital, chipu inasimba (inafunga kwa msimbo) data yote hata kama hujawahi kuweka nywila. Ukiitoa diski ya namna hiyo ukaitia kwenye kasha la kawaida, data inasomeka kama takataka, kwa kuwa chipu ya kuifungua imeachwa kwenye bodi ya zamani. Kwa anayetaka siri zake zilindwe, huo ni mpango mzuri. Kwa mtu wa sherehe, anayetunza video za watu ambazo hazitarudiwa kupigwa, ni mlango mmoja wenye ufunguo mmoja.

Ndiyo maana mimi nanunua diski tupu ya SATA, na kasha nalinunua peke yake. Bodi ikiungua natafuta bisibisi, nafungua skrubu, naichomeka diski kwenye kasha jingine na kazi inaendelea. Hata kama kasha halipo karibu, kompyuta ya mezani ya jirani yenye tundu la SATA inatosha.

Sasa tuje kwenye diski yenyewe. Waliobaki duniani wanaotengeneza diski za sahani, zile zenye sahani zinazozunguka ndani (HDD), ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Jina lolote jingine utakaloliona nje ya kasha, ndani kuna mmoja wa hao. Soma lebo ya diski, siyo rangi ya boksi.

Ukubwa ni wa aina mbili. Diski ya inchi 3.5, ile ya kompyuta ya mezani, ina nafasi kubwa zaidi na kwa kila terabaiti huwa nafuu, lakini inahitaji volti 12, na USB ya kawaida inatoa volti 5. Kwa hiyo lazima iwe na adapta yake ya ukutani. Ya inchi 2.5 inakula umeme wa laptopu moja kwa moja kupitia waya uleule wa data. Hapa Dar tofauti hiyo ina uzito kuliko vitabu vya maelekezo vinavyosema. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski ya adapta inazimika palepale, na faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika, pengine hata orodha nzima ya mafaili. Diski ndogo inaendelea kuzunguka kwa sababu betri ya laptopu inaibeba. Unapata muda wa kumaliza, kuitoa salama na kukunja waya. Nina diski moja ya inchi 3.5 ya kutunzia kazi zilizokwisha, nayo naiwasha tu ikiwa nyuma ya UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Bila UPS siiwashi.

Diski ndogo nayo ina masharti yake. USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampea 500, USB 3 miliampea 900. Diski inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ikishakaa sawa, hivyo kwenye laptopu kuukuu utasikia tik, tik, tik, na haionekani. Watu wanadhani ni mbovu. Jaribu tundu jingine, au waya mfupi zaidi, kabla hujaihukumu.

Pima pia unene. Diski nyingi za laptopu zina milimita 7 au 9.5, na makasha mengi ya madukani yametengenezwa kwa vipimo hivyo. Za terabaiti 4 na 5 zina milimita 15. Hazitaingia, na muuzaji hatakukumbusha.

Jambo linalowaumiza wahariri bila wao kujua sababu ni SMR. Katika diski za aina hiyo njia za data zimelazwa kwa kupandana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati la chini, lazima uyaguse yaliyo juu yake. Kusoma ni sawa, kuandika kidogo ni sawa. Lakini ukimwaga gigabaiti mia tatu kwa mkupuo, mwendo unaanza vizuri, kisha unaporomoka mpaka unadhani kompyuta imeganda. Diski nyingi za inchi 2.5 za terabaiti moja kwenda juu ni SMR, na kwenye boksi haliandikwi. Mwaka 2020 kulikuwa na kelele kubwa ilipojulikana kwamba hata baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo za nyumbani na maofisini, zilikuwa za SMR bila wateja kuambiwa. Baada ya hapo watengenezaji walianza kuchapisha orodha. Andika namba ya modeli iliyoko kwenye lebo, itafute kwenye orodha ya mtengenezaji kabla hujatoa hela. Kwa kutunzia kazi iliyokwisha, SMR haina ubaya. Kwa kuhariria moja kwa moja kutoka kwenye diski, iepuke.

Je, SSD, diski isiyo na sahani wala kitu kinachozunguka? Hapa hesabu inasema vizuri kuliko maneno. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja) inazalisha gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili, saa nne za ukumbini, ni gigabaiti 360. Kwenye USB 2.0, inayokwenda kama megabaiti 35 kwa sekunde, kuzihamisha kutoka kwenye laptopu kunachukua karibu saa tatu. Diski ya sahani ya inchi 2.5 kwenye USB 3, ikienda megabaiti 110, inamaliza chini ya saa moja. SSD ya SATA kwenye USB 3 hiyohiyo, ikienda megabaiti 450, ni kama dakika 13. Lakini kama unanakili moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera ya kawaida, ambayo yenyewe haivuki megabaiti 100 kwa sekunde, SSD haitakusaidia kitu; kadi ndiyo inayokuchelewesha. Nimeona watu wakinunua SSD ya bei kubwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, na hela hiyo ingewapatia diski mbili.

Mimi SSD naitumia kuhariria, na hapo sirudi nyuma. Video inaruka kutoka klipu hadi klipu bila kusubiri, na SSD ikidondoka kutoka mezani haina kichwa cha kugusana na sahani. Katika diski ya sahani kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Ikidondoka huku inazunguka, kichwa kinakwaruza, na pale palipokwaruzwa hapasomeki tena. Lakini kazi ikishakwisha naihamishia kwenye sahani. SSD inatunza data kwa chaji ya umeme ndani ya seli, na chaji inavuja polepole ikikaa bila kuwashwa, joto likiharakisha. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida kinadai itunze data mwaka mmoja bila umeme, kwa nyuzi 30, ikiwa imeshafikia mwisho wa uhai wake wa kuandikwa. SSD mpya inakwenda mbali zaidi ya hapo, lakini chumba changu mwezi Februari kinapita nyuzi 30 mchana, na harusi ya mtu siiachi droo iitunze kwa bahati.

Kasha sasa. Watu wanalichagua kwa rangi, na hiyo inanisikitisha, kwa kuwa tofauti kati ya kasha zuri na baya ni kubwa. Angalia chipu ya ile bodi ndogo. Kwa SATA, ASM1153E ya ASMedia na JMS578 ya JMicron zinafahamika na zinaaminika. Angalia kama kasha linatumia UASP, utaratibu wa kutuma amri nyingi kwa pamoja badala ya kusubiri moja iishe ndipo nyingine ianze. Kwenye SSD utauona mara moja. Makasha ya zamani yenye USB 2.0 bado yapo mitaani, na baadhi hayawezi kuiona diski inayozidi terabaiti 2. Yanauzwa kwa bei ya kuvutia. Yaache.

Tundu lake liwe la Type-C. Lile pana la zamani linalegea upesi, na ndilo lililomtesa Mwalimu wa kwaya. Kasha la alumini lina faida kwetu kwa ajili ya joto, na ukishika unahisi linavyotoa joto nje. Plastiki ya kufungua kwa kidole ni nyepesi na inafaa kwa kujaribia diski, siyo kwa kufungia kazi ya miaka.

Kwenye makasha ya SSD ndogo za M.2, zile za umbo la kibao chembamba, uliza kwa makini, maana kuna M.2 za SATA na M.2 za NVMe, zenye njia ya kasi zaidi, na kwa macho zinakaribiana sana. Kasha la aina moja halitaisoma nyingine, isipokuwa lenye chipu inayokubali zote mbili kama RTL9210B ya Realtek. Namba 2280 ni vipimo tu: upana milimita 22, urefu 80. NVMe kwenye kasha la gigabiti 10 inafikia takriban megabaiti 1,000 kwa sekunde, ila tundu la laptopu yako likiwa la gigabiti 5 utapata chini ya nusu ya hapo. Nayo inachemka. Usilifunge kasha bila kile kipande laini cha kupitisha joto kati ya chipu na bati. Wengine wanakitupa wakidhani ni cha kufungashia tu.

Waya nao usichukue wowote. Nyaya nyingi za Type-C zilizotapakaa majumbani ni za kuchajia simu, na data zinapitisha kwa mwendo wa USB 2.0 tu. Diski nzuri, kasha zuri, waya wa chaja: unarudi kwenye zile saa tatu.

Siku ya kununua nakwenda na laptopu. Ndani yake nimeweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski inajiandikia yenyewe. Kuna duka moja niliwahi kuwekewa diski ya sahani ndani ya nailoni ya fedha, imezibwa vizuri.

"Hii mpya dada yangu, haijaguswa."

"Naomba niichomeke kwako hapahapa, kaka. Ikiwa mpya nalipa sasa hivi."

Hakukataa. Safu ya saa za kuwashwa ikasoma zaidi ya 19,000, yaani zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa. Kijana akaangalia skrini, akanyamaza kidogo, kisha akasema kweli: zinakuja kutoka kwenye kompyuta za maofisi za nje, zinasafishwa, zinafungwa upya. Akaniletea nyingine kutoka chini ya kaunta, hiyo ikasoma saa mbili. Diski ya mtumba si dhambi, mradi uambiwe na bei ilingane. Zaidi ya saa, angalia mistari mitatu, 05, C5 na C6: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri kuhamishwa, na zilizoshindikana. Kwenye diski unayoinunua kama mpya zote zisome sifuri. Na saa zenyewe zinaweza kuchezewa. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ulaya kwamba diski za seva za Seagate zilizotumika zilikuwa zikiuzwa na wafanyabiashara kama mpya, hesabu ya saa ikiwa imerudishwa sifuri. Ndiyo maana pia natazama mikwaruzo kwenye matundu ya skrubu na kwenye meno ya SATA.

Zile "SSD za terabaiti 16" zenye ukubwa wa kidole gumba na bei ya chakula cha mchana ni za kughushi, bila mjadala. Ndani kuna kadi ndogo ya simu iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Unanakili, inakubali, majina ya mafaili unayaona, ila vilivyomo ndani havipo. H2testw, programu ya kupima, inaijaza diski yote kisha inasoma ilichoandika. Kwa diski kubwa inachukua saa nyingi, na ni saa za thamani. Usichanganye na lile jambo la 931: diski ya terabaiti 1 ikionekana Windows kama gigabaiti 931 hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024.

Ukifika nyumbani chagua mfumo wa mafaili, yaani namna diski itakavyopanga mafaili, kabla hujaweka chochote. FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na klipu moja ya harusi inavuka hapo. NTFS inafaa Windows, lakini Mac itaisoma bila kuiandika. exFAT inakubaliwa na zote mbili, ndiyo naitumia kwa diski zinazopita mikononi mwa watu, huku nikijua haina daftari la kujirekebisha umeme ukikatika au mtu akichomoa kwa pupa. Kwa diski zangu za ndani ya nyumba ni NTFS.

Hakuna kasha litakalokuokoa ukiwa na nakala moja. Kanuni ya wapiga picha ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani. Wengi wanaruka hiyo ya mwisho. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia majumbani bonde lote la Msimbazi, na aliyekuwa na nakala mbili kwenye kabati moja alikuwa na moja tu. Kupandisha gigabaiti 360 mtandaoni kwa megabiti 10 kwa sekunde kunachukua saa 80 mfululizo, mbali na bando. Kwa hiyo nakala yangu ya tatu iko kwa dada yangu Mbezi, ghorofa ya pili, ndani ya kopo la plastiki lenye vifuko vya kunyonya unyevu, maana hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na chuma hakipendi vyote viwili. Kila nikienda kula pilau huko nabadilisha diski.

Kama hela haitoshi vyote kwa mpigo, anza na diski mbili za sahani za SATA za ukubwa mmoja na kasha moja zuri la Type-C la kupokezana, na waya wake halisi. SSD ya kuhariria ifuate malipo ya kazi inayokuja. Zinunue diski hizo mbili katika maduka mawili tofauti, zisitoke kwenye katoni moja, ili kasoro ya kiwandani ikiikuta moja isiikute na ya pili wiki hiyohiyo.